Bibi Lamduan na Beseni Lililofuata Jua

Kila mwenye pikipiki katika kichochoro chetu amewahi kumtukana Bibi Lamduan, angalau moyoni, na mimi siwalaumu. Umeshachelewa kazini, unakata kona ya duka la mchele, mara unakutana uso kwa uso na mkokoteni wa kuuzia tambi ambao hauna tambi. Juu yake pana beseni la saruji, ndani ya beseni matope na maji, na nyuma yake ajuza mfupi mwenye kofia ya ukindu anasukuma taratibu kana kwamba njia aliijenga baba yake. Hapishi. Anakungoja wewe upishe.

"Bibi, utagongwa!" Sanit alikuwa akimpigia kelele. Huyu Sanit ni dereva wa pikipiki za abiria, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko barabara anazopita.

"Nigonge basi. Ila usinimwagie maji yangu."

Mimi naitwa Saijai. Nakaanga ndizi mdomoni mwa kichochoro, upande huu wa mji uitwao Thonburi, mkabala kabisa na mlango wa nyumba ya Bibi. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine aliniambia Bibi mwenyewe akisubiri ndizi zipoe, na yaliyobaki nilipewa na mkwe wake, ambaye hajui kuweka jambo tumboni. Wanaoniita mmbeya wana haki yao, lakini wakitaka habari huja kwangu.

Lile beseni lilikuwa linafuata jua. Asubuhi jua letu huingia upande wa duka la mchele, saa sita linakuwa mbele ya karai langu, alasiri linajibana kwenye ukuta wa gereji, halafu kwaheri. Zamani tulikuwa nalo kutwa nzima, mpaka lilipojengwa lile jengo refu la vyumba vya kupangisha likatukalia utosini. Mboga za maji alizopanda Bibi kwenye makasiki yenye nyufa kando ya ukuta hazikujali, ziliota hivyo hivyo na tulizila sote. Lakini yungiyungi la kusimama, lile ambalo majani yake hayalali juu ya maji bali huinuka na kusimama juu ya mashina, halina mzaha na kivuli. Lisiposhiba jua litakupa majani mpaka uchoke, ua hulioni. Basi Bibi akauomba mkokoteni kwa mjane wa muuza tambi, akawabembeleza vijana wa gereji wampandishie beseni juu, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kusukuma.

Na alichokuwa anakitaka ni ua moja. Hakutaka kuliuza wala kulipeleka hekaluni. Alitaka kulinusa.

Bibi Lamduan alizaliwa Nong Sim, kijiji cha kaskazini mashariki ambako huwezi kwenda leo hata ukitaka. Mama yake alikuwa na kidimbwi nyuma ya nyumba, maji ya magotini, chini tope jeusi, na mayungiyungi meupe yalijaa humo bila kupandwa na mtu. Matumba yaliyokuwa karibu na ukingo yalikatwa yote kabla hayajafumbuka, kama ilivyo desturi, yapelekwe hekaluni kila siku takatifu ya mwezi. Lakini yale ya katikati, ambako tope lilikuwa laini na ungezama mpaka kiunoni, yaliachwa yakafumbuka yenyewe. Alfajiri mama yake alikuwa akifunua kikapu cha wali wa kunata kutoka kwenye mvuke, na wakati huo huo upepo ulikuwa ukiingiza jikoni harufu ya yale maua ya katikati.

"Sura ya mama yangu imenitoka, Saijai," aliniambia siku moja, ndizi mkononi. "Nakumbuka kanga yake. Nakumbuka alivyokuwa anatembea, mguu mmoja ukiburuta. Uso sina. Picha hatukuwahi kupiga, nani angetupiga? Ila ile harufu nikiipata, uso utakuja. Najua utakuja."

Nilimwambia ale ndizi ingali na moto. Mimi wa kwangu ninaye kwenye fremu, ukutani, amenuna.

Kilichoiondoa Nong Sim ni bwawa la umeme. Watu walihamishwa, wakapewa viwanja kwenye ardhi ya mawe, na maji yakaja polepole. Mama yake alifia huko kwenye mawe msimu uliofuata. Lamduan, msichana wakati huo, alikuwa akirudi kila mara kwa miguu kuangalia kidimbwi. Watu wa mjini hudhani ua la majini haliogopi maji. Linaogopa sana. Linataka maji machache, majani yapate kufika juu yapumue. Alisimama pale akaona mashina yanarefuka kila siku, yanakimbizana na maji, majani yakibaki juu kwa shida, yamepauka. Halafu asubuhi moja akaenda akakuta maji matupu.

"Yalijitahidi," aliniambia.

Akapanda treni akaja mjini kama sisi wengine tulivyokuja. Akashona mashati kiwandani mpaka macho yakakataa, akaolewa, akafiwa, akabaki na mwanawe mmoja, Thawat, ambaye anaendesha lori la masafa na nyumbani huja kama mgeni. Thawat ndiye aliyemleta Orathai, mkewe.

Orathai ni mtoto wa mjini hasa. Anapika katika jiko la shule, sauti yake huisikii tu, unaihisi kwenye meno, na kwa ibada hana mpinzani hapa mtaani. Watawa hawajapita mbele ya mlango wake asubuhi bila kupata chakula. Yeye na mkwewe hawakuwahi kugombana. Waliishi kwa adabu kama watu wa ofisi moja: mama umekula, nimekula, mama nikusaidie, hapana usijisumbue. Mimi nilikuwa natamani siku moja warushiane sahani, angalau nijue kwamba kuna watu mle ndani.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, Khamsing, mdogo wake Bibi aliyebaki kule kwenye viwanja vya mawe, alipiga simu. Maji ya bwawa yameshuka, alisema, mpaka ngazi za hekalu la zamani zimetokeza, na watu wanatoka mbali kuja kupiga picha.

"Nenda kwenye kidimbwi cha mama," Bibi akamwambia.

"Kidimbwi gani, dada? Ni tope limekauka limepasuka. Hata mbuzi hapiti."

"Nenda ukapekue kwenye nyufa."

Khamsing akaenda huku analalamika, naamini, maana ndivyo alivyo. Baada ya muda basi likaleta kikopo cha pipi za kifua, na ndani yake kokwa nyeusi, ngumu, ndogo kuliko jicho la samaki. Zilikuwa mbegu za yungiyungi. Nilipoambiwa zinataka kupandwa nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza.

"Bibi, hizo zimekaa chini ya maji tangu mimi sijaota meno!"

"Zilikuwa zimelala," akasema. "Wewe ukilala huwa umekufa?"

Gamba la mbegu ile ni gumu ajabu, na ndilo linaloiwezesha kungoja miaka chungu nzima. Lazima ulikwaruze mpaka uone weupe, la sivyo maji hayaingii. Akaketi kwenye kizingiti akizisugua kwenye saruji moja moja, vidole vikamchubuka, kisha akaziweka kwenye glasi ya maji dirishani. Nyingi zilivimba zikaoza, maji yakawa meupe yakinuka, naye akayabadilisha kila siku bila kukata tamaa. Mwishowe ilibaki moja. Nayo siku moja ikatoa kijikia cha kijani kilichojikunja. Bibi alivuka njia na glasi mkononi, pikipiki zikifunga breki kushoto na kulia, akaniwekea puani.

"Imeamka," akasema. Na mimi nikaacha kucheka siku ile.

Tope alilitoa mwenyewe kwenye mfereji, jeusi, zito, akalianika, akalipondaponda, akalichambua mizizi na vipande vya chupa. Udongo laini wa kununua kwenye mifuko hautaki, anasema huelea kama uji. Mbolea aliifunga kwenye vipande vya gazeti akaisokomeza chini kabisa. Maji akaweka kina cha kiganja kimoja tu, akawa anayaongeza kadiri mmea unavyopanda. Humo akatia visamaki vidogo vya mkia mwekundu ili vimalize viluwiluwi vya mbu, maana bwana afya hakuwa na utani na watu wanaofuga maji. Konokono wakija kutaga mayai yao ya waridi kwenye ukuta wa beseni, aliyakwangua kwa kisu cha siagi, akiyatukana kwa Kilao cha kwao, lugha ambayo kwa matusi haina mwenzake.

Msimu wa joto wa kwanza, majani tu. Wa pili, katikati ya majani likainuka shina lenye tumba kichwani.

Kichochoro kizima kilijua. Hata Sanit alizima pikipiki akaja kutazama. Na kwa kuwa siku takatifu ya mwezi ilikuwa inakaribia, kila mtu akauliza lile lile.

"Utalikata lini, bibi?"

"Silikati."

Kwetu tumba ni la hekaluni. Unalikata likiwa limefumba, unakunja petali zake moja moja kuelekea ndani, unalipeleka. Kuliacha lifumbuke, likudondokee petali majini mbele ya macho yako, ni kama kupika sherehe ukafunga mlango ule peke yako.

"Jamani bibi," Sanit akasema, "utamnyima hata Buddha?"

"Buddha amenusa mengi. La kwanza langu, la pili lake. Hana haraka yule."

Watu wakacheka, wanawake wawili watatu wakabana midomo. Orathai, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishikwa na haya. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya mtu wa kawaida, "Mama, watu wanasema."

"Waseme."

Mvua ya kwanza ilikuja kabla ya wakati wake, ya upepo na matone ya kuumiza. Tumba lilikuwa limenona, bado kidogo lifumbuke. Sisi wenye akili tuliingia ndani. Bibi alitoka na mwavuli, akausimamisha juu ya beseni, yeye akabaki nje yake, akanyeshewa mpaka mvua ilipochoka. Nilimwita, Orathai akamwita, hakusogea. Lile tumba halikupata hata tone la kuliumiza. Yeye alipata nimonia.

Alizidiwa haraka. Thawat alikuwa kusini kabisa na lori lake. Orathai alimbeba mkwewe mgongoni mpaka barabara kubwa, teksi ikawachukua, na hospitalini daktari akamwambia awaite ndugu.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku takatifu. Nilikuwa nawasha jiko nilipomwona Orathai anarudi kutoka hospitalini, nywele ovyo, macho mekundu. Aliingia ndani akatoka hapo hapo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkokoteni na mkasi mkononi.

"We Orathai! Unafanya nini?"

"Dada Saijai, wameniambia nimwite Thawat." Akaufungua mkasi. "Niende hekaluni mikono mitupu? Au ninunue maua ya sokoni? Nikamwambie Buddha nimekuletea maua ya sokoni, niponyeshee mama?"

"Lakini hilo anajua kila mtu kwamba—"

"Ndiyo maana! Nitoe kitu nisichokijali, kitahesabiwa nini? Natoa anachokipenda kuliko vyote. Akipona anipige."

Akakunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akakata shina chini kabisa ili liwe refu kama yale ya sokoni. Akakata na majani mawili ya kutandika kwenye sinia. Kisha akaketi kwenye kigoda changu akakunja petali, moja baada ya nyingine, bila kukosea, machozi yakimdondokea mikononi. Mimi sikunusa kitu. Mafuta yangu yalishachemka, na ukikaanga ndizi kwa miaka kama mimi pua inajua ndizi tu. Niliunganisha viganja nikaliheshimu lile ua, nikamwacha aende. Ungekuwa wewe ungemzuia?

Bibi akapona. Daktari alisema ni dawa, Orathai akasema ni ua, mimi nilisema ni ukaidi. Siku aliyorudi, teksi ilimshusha mbele ya karai langu, akiwa amekonda, na kabla hajanisalimia macho yake yalikwenda kwenye beseni. Akaona majani. Akatafuta.

"Lilifumbuka nikiwa sipo?" aliuliza.

Orathai akapiga magoti pale pale kwenye njia, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa mpaka miguuni pake. Akasema yote. Hakujitetea hata kidogo.

Bibi akauliza, "Lilikuwa jeupe?"

"Jeupe pee, mama. Petali chache, ndefu. Ndani njano kidogo."

"Na harufu?"

"Nzuri, mama! Nilipozikunja petali ikanishika mikononi, kutwa nzima haikutoka. Hata nilipokuwa nimekushika mkono kule hospitali nilikuwa naisikia."

"Ilinukiaje?"

Orathai akafikiri. Maskini, alifikiri kweli. "Ilinukia... vizuri. Kama sabuni ya bei mbaya."

Nilitamani kumpiga na mwiko.

"Ahsante, mwanangu," Bibi akasema. "Umenirudisha." Akaingia ndani, akalala ameelekea ukutani mpaka jioni.

Tulidhani litatoka tumba jingine. Badala yake majani yakaanza kuwa ya njano, kuanzia kingo. Bibi, ambaye alikuwa hajapata nguvu sawasawa, alirudi kusukuma mkokoteni wake kufuata jua, akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Sanit akawa anashuka kumsaidia bila kusema lolote, na kwake hiyo ni kazi. Jua halikusaidia. Asubuhi moja Orathai akiwa kazini, Bibi aliingiza mkono kwenye tope akapapasa. Alichotoa kilikuwa kipande cha mzizi kilicholegea kama ndizi iliyooza, na uvundo wake ulinifikia hata mimi na pua yangu.

"Amelikatia chini ya maji," akasema.

Shina la yungiyungi lina matundu ndani kama mirija, na mmea huvutia hewa humo. Ukilikata juu ya maji haliumii. Ukilikata chini, maji hushuka na matundu yale mpaka mzizini, yakaozesha kila kitu. Watu waliokulia kwenye vidimbwi hujua hilo tangu utotoni. Orathai alikuwa ameyaona mayungiyungi sokoni tu, yamefungwa mafungu, na mashina marefu.

"Limezama," nikasema.

"Limezama tena."

Nililia. Sioni aibu kusema. Yeye hakulia, alikuwa anaufuta ule mzizi tope kwa kidole, kana kwamba ungesafishika.

"Na kule kwa Khamsing hakuna mbegu nyingine?"

"Mvua zimejaza bwawa. Ngazi za hekalu hazionekani tena."

"Nitamwambia Orathai," nikasema, maana hasira ilikuwa imenipanda. "Lazima ajue. Mtu hawezi kwenda tu na mkasi wake—"

"Ukimwambia, Saijai, sitagusa ndizi yako mpaka nife."

"Lakini bibi!"

"Alikwenda kuniombea nibaki duniani. Nimebaki. Sasa nimwite nimwambie ameua nini?"

Akanituma. Ndiyo, mimi, niliyeacha karai langu kwa jirani nikapanda boti mpaka kwenye soko la mimea, nikarudi na kipande cha mzizi wa yungiyungi jeupe, lile la kawaida linalouzwa kwa kila mtu. Bibi alilipanda kabla mkwewe hajarudi, akatia maji kiganja kimoja, akarudisha visamaki. Orathai aliporudi akaambiwa majani yamekatwa ili mmea uanze upya. Akaamini, akafurahi, akasema kwa sauti yake ile kwamba hili likitoa tumba atalilinda kwa fimbo.

Mwaka uliofuata ndio uliokuwa mgumu kwangu kuutazama. Bibi alisukuma ule mkokoteni asubuhi, adhuhuri na alasiri, kama zamani, watu wakampisha, wakampa moyo. "Bado tu, bibi?" "Bado kidogo." Ni mimi tu niliyejua kwamba anasukuma kitu asichokitaka, kwa ajili ya macho ya mtu mwingine. Kuna siku alisimama mbele ya karai langu jua la saa sita likimpiga, nikamwona anainamia yale majani ya kigeni, anavuta pumzi, anainua kichwa. Halafu anasukuma tena. Nilikuwa namwonea uchungu mpaka ndizi zinaungua.

Lilifumbuka siku ya mapumziko, shule zimefungwa. Orathai, ambaye tangu alfajiri alikuwa anamenya vitunguu saumu vya mchuzi, alitoka kumwaga maganda, akaliona, akapiga kelele iliyowatoa watu vitandani.

"Mama! Mama, toka! Limefumbuka! Sanit, rudisha hiyo pikipiki nyuma, moshi huo!"

Bibi alichelewa kutoka. Alikuwa amechana nywele na kuvaa blauzi yake ya hekaluni. Ua lilikuwa kubwa, jeupe, nene kwa petali, limejaa mpaka huoni katikati. Zuri, siwezi kusema silo zuri. Akaliinamia, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kwa ajili yetu.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Ndilo la kwetu. Nimeshukuru."

Watu wakapiga makofi, wakatawanyika kwenda kunywa chai. Orathai akabaki. Akainama naye anuse, akicheka. Nikaona kicheko kinamtoka.

"Silo hili," akasema.

"Ndilo."

"Mama, silo. Lile nilikuwa nalo mikononi kutwa nzima. Hili halina kitu. Na lile petali zake zilikuwa chache, nilizikunja mwenyewe." Akanigeukia. "Dada Saijai?"

Nikajifanya nageuza ndizi. Sikuwa na ndizi karaini.

Akalitazama beseni. Akautazama mkono wake, mpaka kwenye kiwiko. Ana sauti kubwa lakini si mjinga, na niliona kabisa jambo lile likimfikia. "Mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti haikutoka.

"Ulinirudisha," Bibi akamwambia. "Mengine yaache."

"Ngoja. Ngoja, mama, nikumbuke." Akaketi kwenye ukingo wa njia wenye maji, akafumba macho kwa nguvu. "Haikuwa kama sabuni. Nilisema tu, sikujua niseme nini. Ilikuwa... ukifunua wali wa kunata asubuhi, ule mvuke wa kwanza kabisa. Kama ule. Ila wa baridi. Halafu nyuma yake kuna tope, tope safi, na kitu kitamu kidogo ambacho ukikifuata kinakimbia."

Habari za wali nilikuwa najua mimi peke yangu, na kwa umbeya wangu wote hizo sikumpa mtu.

Bibi Lamduan alikuwa ameshika ubao wa mkokoteni. "Endelea," akasema.

"Imeniishia, mama. Nisamehe. Imeniishia hapo."

Bibi akaketi naye pale chini, taratibu, blauzi yake safi ikiloa. Akaichukua mikono ya Orathai yote miwili, akaifungua viganja, akaiweka puani. Kwetu sisi kumbusu mtu ni kumnusa, na tangu Orathai aolewe nyumba ile sikuwahi kumwona Bibi akimnusa hata shavu. Akavuta pumzi, akaishikilia, akavuta tena.

"Mama, ina vitunguu saumu," Orathai akasema huku analia.

"Nyamaza," Bibi akasema, macho yamefumba. "Namwona."